Nyumba ya Balozi

Bwera, Kasese
Jumapili, baada ya kufua

Kwako Dada Rehema,

Shikamoo. Nakupa shikamoo kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, basi, usitafute sababu nyingine. Mama hajambo? Mwanao Nuru hajambo? Kuku waliobaki baada ya mdondo wanaendeleaje? Habari za shangazi Mwantumu sikuulizi wewe, maana najua hujakanyaga mlango wake, na ukiniambia hajambo nitajua unabuni. Hapa ilitakiwa niandike kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu. Mimi si mzima, na hofu kweli ni kwenu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unasema Nuru ameanza kuwashwa kwenye viwiko na nyuma ya magoti, palepale palipoanzia kwangu. Unasema halali, na wewe hulali. Unasema sasa imethibitika kwamba ni mkono wa shangazi, ulioanza na mimi na sasa umerudi kwa mtoto. Na kwamba Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno ukoo utakaa, mganga ataletwa, na shangazi atatolewa katika nyumba aliyoachiwa na babu. Nilipokupigia ulikata. Nilipopiga tena ukampa mumeo simu aseme uko sokoni, nami nikakusikia nyuma yake ukipiga chafya. Hizo chafya zikumbuke, nitazirudia.

Basi barua hii inakuja kwa mkono wa mwalimu mwenzangu anayerudi Tanga kwa likizo, na nimemwambia atelemke Muheza amkabidhi Mama, si wewe. Ni barua yako, lakini nataka isomwe Ijumaa hiyo mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kuruka mstari, hata mistari ninayokusema vibaya. Msomaji awe mtu mwenye koo zuri.

Wewe unasema mimi nimerogwa. Sasa nikupe habari za huku: huku mimi ndiye ninayeroga. Kwenu mrogwa, kwao mrogaji, na ngozi ni hii hii moja. Kaeni mkubaliane halafu mnijulishe.

Nianze na usiku, maana nyinyi mnaolala hamuujui. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Saa tatu najipaka mafuta mazito mwili mzima, navaa soksi mikononi, natandika shuka la pamba peke yake, blanketi nililigawa zamani. Saa tano usingizi unakuja. Saa saba naamka, na ninapoamka tayari nimeshajikuna kitambo: soksi moja iko chini ya kitanda na kucha zimeshafika kwenye damu. Mkono unaanza kazi wenyewe, dada, mwenye mkono akiwa amelala. Halafu mtu anakuambia acha kujikuna. Wewe uliniambia hivyo utoto mzima, na mwezi wa jana ukaniambia tena kwenye simu, kana kwamba ni uvivu.

Na muwasho wenyewe si ule wa mbu. Unatoka ndani, chini ya ngozi, mahali ambapo kucha haifiki. Ukikuna unapata nafuu ya sekunde tatu, kisha unarudi umeongezeka, unakuna tena mpaka panauma, na mimi naushukuru huo uchungu ukifika, kwa sababu mtu anaweza kulala na maumivu. Kulala na muwasho haiwezekani. Nimejaribu miaka ishirini na zaidi.

Dawa pekee ya saa ile ni maji baridi. Chumba changu nilikichagua kwa ajili hiyo: bomba liko uani, hatua sita kutoka mlangoni, na maji yake yanateremka kutoka mlimani, yana baridi ya kweli. Natoka na kanga moja, namwagia mikono, shingo, nyuma ya magoti, kisha nasimama gizani nikijipepea na daftari. Siku mbaya narukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Nasema peke yangu pia, mambo mengine si ya kuandika. Wakati mwingine nalia. Usiku mmoja mara mbili, mara tatu. Sasa jione wewe ni jirani, unachungulia dirishani unamwona mwanamke mgeni, asiye na mume, kanga moja, usiku wa manane, anaruka uani na kunong'ona. Ungesema nini? Usijibu, ulishawahi kusema.

Asubuhi nafua shuka kabla watu hawajaamka, kwa ajili ya madoa. Maji ya udhu yananichoma vidole. Nakwenda shule mikono mirefu na soksi ndefu, na bonde hili lina joto, saa nne jasho linaingia kwenye mipasuko kama ndimu. Chaki inanikausha vidole mpaka vinachanika, naandika ubaoni nikiacha alama nyekundu, nafuta kabla hazijaonekana. Siku moja nilisinzia nimesimama, katikati ya kufundisha ngeli ya M-WA, nikaandika mtu, watu, mtu, watu mpaka mwisho wa ubao. Wanafunzi hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Kuna mwalimu mmoja akinipa chaki huiweka mezani niiokote, asiguse mkono wangu. Namsalimia kila siku kwa sauti kubwa ili aone aibu, na haoni.

Kwa hiyo ukisikia ukali katika barua hii, ujue ni ukali wa mtu asiyelala. Nilikuwa na ulimi hata zamani, lakini nilikuwa naulaza.

Kila mtu hapa ni daktari wangu. Mwendesha boda aliniambia nipake oili chafu ya pikipiki. Mwingine akanikataza samaki wa ziwani Kahendero, nikaacha, samaki wakanenepa na ngozi ikabaki vilevile. Mke wa askari mmoja kule kwenye kambi ya jeshi, mwanamke mwema sana, alinipa chumvi ya Katwe nioge nayo. Nilioga. Jioni ile niliyataja majina yote ya Mwenyezi Mungu, na nadhani niliongeza mengine.

Mwishowe nilikwenda Kasese kwa daktari wa ngozi. Alinitazama viwiko, akasema hii ni pumu ya ngozi. Akasema haiambukizi hata kidogo. Akasema haiponi moja kwa moja, inatulizwa, siku inalala na siku inaamka, na mwenye nayo ajifunze kuishi nayo. Kisha akaniuliza kwetu nani ana pumu ya kifua, au mafua yasiyokwisha, kwa sababu hayo yote yanatembea katika ukoo mmoja. Nikamwambia baba yetu alikuwa na pumu ya kifua mpaka anakufa, na dada yangu hupiga chafya kumi na mbili kila asubuhi tangu amezaliwa. Daktari akacheka, akasema basi hao ndio. Umesikia? Nuru ameurithi kwako na kwa baba. Ukitaka kumtoa mtu nyumbani kwa sababu ya mikono ya Nuru, funga mizigo yako mwenyewe.

Sasa nikueleze nilivyojitia kitanzi kwa mdomo wangu.

Mkuu wa shule aliponipokea alinitambulisha kwa wazazi kuwa mimi ni balozi wa Kiswahili kutoka Tanzania. Wazazi wachache walitazamana, na mimi nikavimba kichwa, nikadhani wamevutiwa. Kwetu balozi ni nani? Ni balozi wa nyumba kumi, mtu anayeamua ugomvi wa kuku na mipaka. Babu yetu alikuwa balozi, na nyumba ile mnayotaka kumtoa shangazi mpaka leo Muheza nzima inaiita nyumba ya balozi. Kwa hiyo neno hilo kwangu lilikuwa na harufu ya koti la babu.

Mwenye nyumba wangu huku anaitwa Mama Masika. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Kasindi, akaolewa upande huu, na Kiswahili chake ni cha Kongo. Mimi, mwalimu wa Kiswahili Sanifu, nilikuwa nikimsahihisha. Anasema batoto, mimi nasema watoto, mama, watoto. Alikuwa anacheka. Jumamosi moja nafua uani, akaja na wanawake wawili wa nyumba za jirani, wakasimama mbali kidogo. Mama Masika akasema, polepole, kama mtu aliyetumwa:

"Mwalimu, batu banasema mu hii nyumba muko balozi. Iko kweli?"

Nikafuta povu mikononi. Nikatabasamu, dada, tabasamu langu lote. Nikasema, "Ni kweli, mama. Balozi ni mimi."

Wakanyamaza. Nikadhani ni heshima, nikaongeza, "Na kazi yangu ni usiku na mchana. Hao watoto wenu nileteeni, nitawafundisha mpaka nao wawe mabalozi."

Mama Masika akaokota ndoo yake bila kuijaza, akaondoka kinyumenyume. Wale wawili walishafika barabarani.

Nimefundisha ngeli miaka minane. Kwetu mtu ni watu. Kwao mutu ni batu. Kwetu mtoto ni watoto. Kwao mutoto ni batoto. Sasa mlozi, yule mrogaji, kwao ni mulozi. Na wingi wake? Balozi. Umoja ningeutambua hata usingizini, wingi ukanipita mlangoni umevaa koti la babu. Waliniuliza kama nyumbani kwangu mna wachawi, nikakiri kwa furaha, nikawaahidi na shule ya uchawi kwa watoto. Aliyenieleza ni mpishi wa shule, siku mbili baadaye, huku akinitazama miguu aone kama inagusa chini.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba hii niliifunga mwenyewe. Watoto waliokuwa wakija kuniamkia wakawa wakiniona wanakimbilia majanini. Mtu alimwaga majivu kizingitini pangu. Jiwe likapigwa juu ya bati, kisha lingine. Mkuu wa shule, aliyenipa huo ubalozi, akaniambia nipumzike nyumbani kwanza mpaka watu watulie. Mama Masika akaniletea maneno kupitia kwa jirani kwamba nihame kabla ya Jumapili. Nikaenda kwake kueleza, nikamwambia ni neno tu, mama, ni ngeli, akajibu akiwa nyuma ya mlango kwamba si neno tu, batu bameona kwa macho yabo, usiku. Na bomba akalitia kufuli.

Hilo la kufuli ndilo sitalisahau. Siku nne bila maji ya usiku. Nilibaki na kikombe kimoja cha maji ya kunywa, nachovya kitambaa, nabandika kiwiko kimoja, nahamishia kingine. Niliogopa kutoka kwa sababu jirani mmoja alishasema barabarani, ili nisikie, kwamba balozi hawafukuzwi kwa barua. Nilikaa kitandani nimekalia mikono yangu. Mikono ikiwa chini ya mapaja haiwezi kukuna, mpaka usingizi ukuchukue, na ukishakuchukua inachomoka. Alfajiri ya siku ya nne shuka lilikuwa halifuliki, nikalichoma.

Mwenyekiti wa kijiji ni mzee Bwambale, mkulima wa kahawa, mtu asiyependa fujo karibu na kahawa yake. Akasema kabla mtu hajahamishwa kesi isikilizwe, Alhamisi, mbele ya ghala la kahawa linalotazama uani kwetu. Watu walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye chanjo. Wakasimama mmoja mmoja wakasema walichoona. Kwamba natoka usiku. Kwamba nina kanga moja. Kwamba naruka. Kwamba nasema na mtu asiyeonekana. Kwamba asubuhi mapema nafua shuka lenye damu, na damu hiyo ni ya nani? Kwamba niliulizwa nikakubali. Niliwasikiliza nikatafuta uongo wa kuukamata, sikuupata. Kila mmoja alisema kweli, na zote zikijumlishwa zilikuwa uongo.

Ghala lile lina mlinzi, anaitwa Okello, mtu wa kaskazini, mwanajeshi mstaafu. Watu wote humwita afande. Tangu nihamie tulikuwa hatujasemezana zaidi ya salamu. Akasimama bila kupewa nafasi. Mtu mmoja akaanza kumkatiza, akamwambia, "Kaa chini. Mimi bado." Yule akakaa.

"Mimi nalinda hii ghala," akasema. "Usiku silali. Huyu mwalimu naona yeye kila siku. Anatoka, anafungua maji, anamwaga kwa mikono, anajikuna, analia, anarudi ndani. Ni hiyo tu. Nyinyi mulichungulia mara moja, mukarudi kulala. Mimi nilikuwa macho. Sasa nani iko na ushahidi?"

Akakaa. Hakunitazama, na hakusubiri asante.

Mwenyekiti akakuna kidevu. Nilimwonea wivu kwa hilo pia, mtu anayekuna kidevu halafu anaacha. Akasema, "Mwalimu, onyesha sisi."

Dada, unajua Mama alivyonifundisha. Mikono mirefu harusini, mikono mirefu msibani, na mgeni akija nikae nyuma ya mlango, ili siku moja apatikane wa kunioa asiyejua. Sijawahi kumwonyesha mtu asiye daktari. Alhamisi hiyo nilifungua vifungo vya mikono nikakunja mpaka juu ya viwiko, mbele ya kijiji, mchana, jua likiwaka. Nikavua soksi. Sikuishia hapo, nilikasirika, nikafungua na skafu nikawaonyesha shingo. Mstari wa mbele wote ulirudi nyuma hatua moja. Mwanamke mmoja akafunika uso wa mtoto wake. Waliacha kuniogopa wakaanza kuniona kinyaa, na kama ingekuwa ni kuchagua, sijui ningechagua kipi. Nikasoma cheti cha daktari wa Kasese kwa sauti, hasa pale palipoandikwa haiambukizi, nikapasoma mara mbili nikimtazama yule mwalimu wa chaki ambaye naye alikuja kushuhudia.

Mama Masika ndiye aliyesogea. Alinikagua mkono kama anavyokagua vitenge, bila kugusa, akaniuliza, "Juu ya nini haukusema?" yaani, kwa nini sikusema. Nikamjibu ningesema kwa ngeli gani. Watu wengine walicheka kidogo, na mimi sikucheka.

Ingekuwa imeishia hapo, barua hii ningekuandikia kukuchekesha tu. Lakini mzee Bwambale, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kufunga daftari lake vizuri, akaniuliza, "Na kule kwenu, nani alikuroga?"

Nilitaka kusema hakuna. Ni neno moja, hakuna. Halikutoka. Kwa sababu kwetu yuko, dada. Kwetu mtu huyo ana jina na ana nyumba na ana miaka zaidi ya ishirini hasalimiwi sawasawa. Nikasimama pale na mikono wazi mbele ya watu waliokuwa wamenifanyia siku nne kitu tulichomfanyia shangazi yetu maisha, nikawa nimewakasirikia wao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mwenyekiti aliamua nibaki, kufuli litoke, na shule inirudishe. Imenirudisha. Bomba liko wazi. Mama Masika alileta mkungu wa ndizi, nimezila, sijamsamehe. Afande nilimpelekea chai, akauliza ina sukari ngapi. Hayo yamekwisha. Sasa ni yetu.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na nne. Tulilala kitanda kimoja na nilikuwa sikuachi ulale. Kwa hiyo kila usiku ulinifunga mikono kwa kanga, ile ya kahawia, kwenye mti wa kitanda. Sikulaumu kwa hilo kama unavyodhani. Ulikuwa mtoto na ulikuwa na shule asubuhi. Ila usiku ule uliamka ukamkuta shangazi Mwantumu, ambaye wakati ule alilala chumba cha pili, ameniinamia gizani, midomo inacheza, anapuliza mikono yangu. Ulipiga yowe nyumba nzima ikaja. Asubuhi wazee wakakaa. Ulisema ulichoona, na ulikuwa kweli umekiona. Kisha baba akaniita mimi, akaniuliza mbele ya wote, ulikuwa macho au umelala?

Nikasema nilikuwa nimelala.

Mnajua kilichofuata kwa shangazi. Mimi niwaambie kilichofuata kwangu. Kuanzia siku ile sikufungwa tena mikono. Hakuna aliyeniambia tena mimi mchafu, sijui kuoga, najikuna kwa makusudi. Nikawa mtoto aliyerogwa, nikapewa mayai, nikalazwa chumba cha Mama. Nilijua, dada. Kila mwaka nilijua. Nikaja huku mbali, nikamwacha yeye amebeba.

Sasa msomaji apandishe sauti hapa, na kama shangazi hayuko mkutanoni aitwe kwanza, asubiriwe mpaka akae.

Mimi ndiye niliyemwita. Dada alikuwa amelala, mikono yangu imefungwa, nilikuwa nawashwa nikashindwa, nikaita kwa sauti ndogo, shangazi, inawasha. Akaja. Akafungua kanga. Akaniambia atanipuliza mara mia moja, na akifika mia nitakuwa nimeshalala. Midomo ilikuwa inacheza kwa sababu alikuwa anahesabu. Alikuwa amefika sitini na kitu Rehema alipopiga yowe. Hakuwa na kitu kingine mkononi wala mdomoni. Alikuwa akinipuliza tu.

Yule afande wa ghala si ndugu yangu, hatuna kabila moja wala dini moja, na alisimama akasema alichokiona usiku. Mimi ni damu ya shangazi, na sikusema.

Mganga arudishiwe alichopewa. Anayetaka kumtoa mtu katika nyumba ya balozi kwa ajili ya ugonjwa wangu, aanze na mimi, na nitakuja na cheti na mikono mifupi. Na wewe Rehema, Nuru usimfunge mikono. Nakusihi kwa hili tu, mengine yote nimekuamuru. Mkate kucha fupi. Muogeshe maji yasiyo ya moto, asikaushwe kwa kusuguliwa, na mafuta apakwe hapohapo angali na unyevu. Avae pamba. Usiku akiamka mbandike kitambaa chenye maji baridi. Akikulilia usimwambie aache, haachi kwa sababu hawezi. Na ukichoka, maana utachoka, vuka uwanja ukagonge kwa shangazi. Yeye anajua kuhesabu mpaka mia.

Nisalimie Mama, mwambie sikumwandikia yeye kwa sababu yeye hajawahi kusema lolote, na hilo nalo tutalizungumza nikija. Msalimie mumeo, mwambie akitaka kunidanganya uko sokoni akutoe kwanza chumbani. Nisalimie jirani yetu fundi baiskeli, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa akimtengenezea shangazi mlango bila kuogopa. Nuru mbusu kwenye viwiko. Shangazi Mwantumu mfikishieni shikamoo yangu mkiwa mmepiga magoti, wewe na Mama, kwa niaba yangu, mpaka nitakapopata ruhusa ya kuja kupiga yangu.

Ni mimi mdogo wako Zaina, ambaye usiku ule sikuwa nimelala.